Tetemeko la Nchi na Milima ya Moto

Haya ni maneno ya hotuba iliyotungwa kwa ajili ya watu wa mjini na wa mashambani, ili kueleza asili ya matetemeko ya nchi na ya milima itoayo moto, na jinsi mtu awezavyo kujilinda.

Tangu zamani za kale binadamu ameihesabu ardhi kuwa ndicho kitu kilicho imara kupita vyote. Akitaka kusifu jambo thabiti husema kwamba limejengwa juu ya mwamba. Kwa hiyo ardhi yenyewe inapotikisika, mwenye nguvu na mnyonge, tajiri na maskini, wote hushikwa na hofu moja. Mvua ikinyesha mtu huingia ndani. Nyumba ikiwaka moto hutoka nje. Lakini nchi nzima ikitetemeka, je, aende wapi?

Kwa sababu ya hofu hiyo watu wa mataifa mengi walitafuta maelezo. Hadithi moja iliyoenea katika nchi nyingi za mashariki ilisema kwamba dunia imebebwa juu ya pembe ya fahali, naye akichoka huihamisha kutoka pembe moja hadi ya pili, ndipo nchi inapotikisika. Wamasai nao waliuita mlima mmoja utoao moto Ol Doinyo Lengai, yaani Mlima wa Mungu. Haifai kuyacheka maneno hayo, kwa kuwa yaonyesha kwamba wazee walitaka kujua sababu ya mambo, na kutaka kujua sababu ndio mwanzo wa elimu. Leo elimu hiyo imefika mbali, na watu wa Afrika ya Mashariki wana haja nayo kuliko wengi wengine, maana wanakaa kando ya mojawapo ya nyufa kubwa kabisa za nchi kavu.

DUNIA ILIVYO NDANI

Mtu akilikata yai lililochemshwa ataona ganda jembamba, kisha ute mweupe, na katikati kiini. Dunia nayo ina sehemu tatu mfano wa hizo. Juu kabisa ni ganda la mawe magumu. Chini ya bara ganda hilo lina unene wa kilomita 30 hadi 50 hivi, na chini ya bahari kuu ni kilomita 7 hivi tu. Chini ya ganda lipo tabaka nene la mawe yenye joto kali, nalo hushuka hadi kilomita 2,900. Katikati kipo kiini ambacho sehemu yake kubwa ni chuma. Upande wa nje kiini hicho kimeyeyuka kama chuma kilicho katika tanuri. Upande wa ndani ni kigumu, si kwa kuwa kimepoa, bali kwa kuwa kimekandamizwa mno na uzito ulio juu yake. Kutoka uso wa nchi hadi katikati ya dunia ni kilomita 6,370 hivi.

Hapana mtu aliyefika huko. Shimo lenye kina kupita yote lililochimbwa kwa ajili ya elimu hii, katika rasi ya Kola nchini Urusi, lilishuka zaidi ya kilomita 12 kidogo, wala halikutoboa hata ganda. Basi wataalamu wamejuaje? Wamejua kwa njia ya matetemeko yenyewe. Kama vile daktari anavyosikiliza kifua cha mgonjwa bila kukipasua, ndivyo wataalamu wanavyosikiliza mitikisiko ipitayo tumboni mwa dunia. Mitikisiko hiyo huenda mbio ikipita katika mawe magumu, hupunguza mwendo ikipita katika mawe laini, na aina mojawapo haiwezi kabisa kupita katika kitu kilichoyeyuka. Kwa kupima imechukua muda gani kutoka upande mmoja wa dunia hadi mwingine, na ni ipi iliyofika na ipi iliyopotea njiani, watu wameweza kuichora ramani ya ndani ya dunia.

Kadiri mtu anavyokwenda chini, ndivyo joto linavyozidi. Katika nchi nyingi kila kilomita moja ya kwenda chini huongeza joto kwa digrii 25 hadi 30 za sentigredi. Kwa sababu ya joto hilo mawe ya tabaka la kati, ingawa ni magumu, husogea polepole mno. Mpishi aliyepata kupika uji mzito ameona mfano wake: uji wa chini ukipata moto hupanda juu, na wa juu uliopoa hushuka, na utando uliogandia juu hupasuka na kusukumwa huku na huku. Ganda la dunia nalo limepasuka vipande vikubwa, navyo huitwa mabamba. Mabamba hayo, yaliyochukua mabara na bahari juu yake, hayatulii hata siku moja.

Mjerumani Alfred Wegener alitangaza mwaka 1912 kwamba mabara yalikuwa pamoja zamani na baadaye yakaachana. Alionyesha jinsi pwani ya magharibi ya Afrika inavyolingana na pwani ya mashariki ya Amerika ya Kusini, kama vipande viwili vya chungu kimoja kilichovunjika. Wataalamu wengi wa siku zake walimkataa, kwa kuwa hakuweza kueleza ni nguvu gani inayoyasukuma mabara. Ilikuwa katika miaka ya 1960, baada ya sakafu ya bahari kupimwa, ndipo ilipokubaliwa kwamba mabara husogea kweli. Wegener mwenyewe alikuwa amekwisha kufa tangu mwaka 1930.

ASILI YA BONDE LA UFA

Mahali pengine mabamba hugongana, na pengine hupita yakisuguana ubavu kwa ubavu. Katika Afrika ya Mashariki yanaachana. Yeyote aliyesimama juu ya ukingo karibu na Limuru, akatazama chini kuelekea Longonot, ameliona jambo hilo kwa macho yake. Mwaka 1893 mtaalamu wa miamba wa Uingereza, J. W. Gregory, alilichunguza bonde hilo, akaeleza kwamba halikuchimbwa na mto kama mabonde mengine. Nchi ilivutwa kutoka pande mbili, ikapasuka kwa nyufa mbili zinazokwenda sambamba, na sehemu ya katikati ikadidimia. Gregory ndiye aliyelipa jina la Bonde Kuu la Ufa.

Bonde hili lina matawi mawili. La mashariki hupita katika Ethiopia na Kenya na kuingia Tanzania. La magharibi hupita katika mipaka ya Uganda, Kongo, Rwanda, Burundi na Tanzania, na maji yaliyojaa ndani yake yamefanya maziwa marefu kama Ziwa Albert, Ziwa Kivu na Ziwa Tanganyika. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, na mtu aliyeuona ukubwa wa shimo hilo hawezi tena kushangaa akiambiwa kwamba nchi za jirani hutetemeka.

Je, bonde linapanuka kwa kiasi gani? Nchini Kenya ni milimita chache tu kwa mwaka. Ukucha wa mtu hukua kwa mwezi mmoja karibu sawa na vile bonde linavyopanuka kwa mwaka mzima. Yafaa kukumbuka kiasi hicho kila yanapovuma maneno ya kutisha. Mnamo Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ufa mrefu ulitokea karibu na Mai Mahiu, ukakata barabara ya kwenda Narok, na magazeti ya nchi nyingi yakaandika kwamba Afrika inagawanyika mara mbili. Wataalamu wengi walieleza kwamba ni maji ya mvua yaliyochimbua majivu laini ya volkano yaliyo chini ya udongo wa mahali pale, hata ardhi ya juu ikabomoka. Ni kweli kwamba bonde linafunguka. Lakini halifunguki kwa usiku mmoja, na kabla ya bahari kuingia humo itapita miaka mamilioni.

JINSI NCHI INAVYOTETEMEKA

Mtu akishika fimbo mbichi kwa mikono miwili na kuipinda kidogo kidogo, fimbo huvumilia. Akizidi kuipinda, ghafula hukatika, na mikono yake husikia mshtuko. Mawe ya ganda la dunia hufanya vivyo hivyo. Mabamba husogea kila siku, walakini mawe yaliyo kwenye nyufa hushikana kwa kusuguana, yakakataa kusogea. Nguvu hujikusanya miaka kumi, miaka mia, pengine miaka elfu. Siku mawe yakishindwa kuvumilia, hukatika na kuruka kwa nukta chache tu, na mshtuko wake huenea pande zote kama mawimbi ya kidimbwi kilichotupiwa jiwe. Hilo ndilo tetemeko la nchi. Na kwa kuwa mawe yaliyokatika hayatulii mara moja, aghalabu matetemeko madogo hufuata kwa siku nyingi, pengine kwa miezi.

Kenya ina mfano wake mkubwa. Usiku wa tarehe 6 Januari, 1928, nchi ilikatika katika upande wa Subukia, chini ya ukingo wa Laikipia. Ufa ulionekana juu ya ardhi kwa urefu wa karibu kilomita 38, na mahali pengine upande mmoja ulishuka zaidi ya mita 2, yaani kupita kimo cha mtu mrefu. Ukubwa wake ulihesabiwa kuwa 6.9, na ndilo tetemeko kubwa kupita yote yaliyopimwa nchini Kenya.

JINSI TETEMEKO LINAVYOPIMWA

Mtu akitaka kujua radi imepiga mbali kiasi gani, huona umeme kwanza, kisha huhesabu mpaka asikie ngurumo. Muda ukiwa mrefu, radi iko mbali. Wataalamu wa matetemeko hutumia njia inayofanana na hiyo. Tetemeko hutoa mawimbi ya aina mbili. Ya kwanza husukuma na kuvuta mawe, nayo huenda mbio; ya pili hutikisa mawe ubavuni, nayo huchelewa. Chombo cha kupimia huandika yote mawili. Kila nukta moja ya kuchelewa ni dalili ya umbali wa kilomita 8 hivi. Basi mawimbi ya pili yakichelewa kwa nukta 10, tetemeko limetokea mbali ya kilomita 80. Vituo vitatu vilivyo mahali mbalimbali vikilinganisha hesabu zao, mahali penyewe hujulikana.

Ukubwa hutajwa kwa nambari, kwa kufuata kanuni iliyotungwa na Mmarekani Charles Richter mwaka 1935 na kutengenezwa zaidi baadaye. Nambari hizo hudanganya watu wengi. Tetemeko la 6 si kubwa kidogo tu kuliko la 5. Kila nambari moja ikiongezeka, nguvu inayotoka huzidi mara 32 hivi. Kwa hiyo tetemeko la 7 lina nguvu kupita la 5 kwa mara 1,000 hivi.

MILIMA YA MOTO

Nyufa zile zile zitikisazo nchi ndizo milango ya moto. Ganda likivutwa na kuwa jembamba, uzito unaoyakandamiza mawe ya chini hupungua, na sehemu yake huyeyuka. Mawe yaliyoyeyuka ni mepesi kuliko magumu, kwa hiyo hupanda, yakijikusanya katika vyumba vilivyo chini ya ardhi. Yakipata njia ya kutokea huitwa lava, na mahali yanapotokea ndipo panapoitwa volkano.

Volkano si zote za tabia moja. Ndani ya mawe yaliyoyeyuka mna gesi, kama zile zilizo katika chupa ya soda. Lava ikiwa nyepesi, gesi hutoka taratibu, na lava hutiririka. Ikiwa nzito kama ugali, gesi hunaswa ndani, na siku ya kutoka hulipuka kama chupa iliyotikiswa kisha ikafunguliwa, ikitupa majivu na mawe angani. Pengine mlima hutapika vitu vingi mno hata paa la chumba chake cha chini likaporomoka, na mahali pa kilele pakabaki shimo kubwa. Menengai, karibu na mji wa Nakuru, ni shimo la namna hiyo, lenye urefu wa kilomita 12 hivi na upana wa kilomita 8.

Baadhi ya volkano zimekwisha kufa, kama Mlima Kenya, ambao theluji yake imekaa juu ya mabaki ya moto uliozimika zamani sana. Nyingine zimelala, kama Kibo cha Kilimanjaro. Nyingine ziko macho. Mwaka 1888 msafara wa Count Teleki uliona volkano ikiwaka upande wa kusini wa ziwa ambalo leo huitwa Turkana. Na Ol Doinyo Lengai, katika nchi ya Tanzania, si mlima wa hadithi. Lava yake haina mfano katika volkano nyingine yoyote iliyo hai duniani, kwa maana asili yake ni magadi wala si mawe ya kawaida. Joto lake ni digrii 500 hadi 600 hivi, yaani nusu ya joto la lava nyingine. Hutoka nyeusi, hutiririka kama maji, na baada ya kuguswa na unyevu hugeuka kuwa nyeupe.

Mnamo Julai 2007 nchi iliyo karibu na mlima huo ilitetemeka mara nyingi. Tetemeko kubwa lilikuwa la tarehe 17, lenye ukubwa wa 5.9, na katika mji wa Nairobi watu walikimbia kutoka majumba marefu. Baadaye ilijulikana kwamba mawe yaliyoyeyuka yalikuwa yamepenya katika ufa mpya chini ya ardhi. Tarehe 4 Septemba mwaka ule ule mlima ukalipuka na kutupa majivu juu sana. Hapo watu waliona wazi kwamba tetemeko na moto wa mlima ni ndugu wa baba mmoja.

YALIYOWAPATA WATU WA GOMA

Mahali ambapo Waafrika wasemao Kiswahili wamepata mateso makubwa ya moto wa ardhi ni mji wa Goma, mashariki ya Kongo, chini ya mlima Nyiragongo. Kileleni mwa mlima huo mara kwa mara huwa na ziwa la lava inayochemka. Tarehe 10 Januari, 1977, ubavu wa mlima ulipasuka, na ziwa lote likamwagika kwa muda usiofika saa moja, kwa mbio ambazo mtu hawezi kuzishinda kwa miguu. Tarehe 17 Januari, 2002, lava iliingia ndani ya Goma, ikapita katikati ya mji, ikateketeza maduka na nyumba, na kumiminika katika Ziwa Kivu. Mamia ya maelfu ya watu walikimbia, wengi wakivuka mpaka kuingia Rwanda. Siku chache baadaye watu wengine waliuawa kituo cha petroli kilicholipuka kilipokuwa kimezungukwa na lava yenye moto. Na usiku wa tarehe 22 Mei, 2021, mlima ulifunguka tena bila onyo la kutosha; lava ilisimama pembeni mwa mji, ikiwa imekwisha kuangamiza vijiji.

Huko ipo hatari nyingine isiyo na moto wala sauti. Kutoka katika nyufa za ardhi hupanda kaboni dayoksaidi, gesi ile ile itoayo mapovu katika soda. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa hujikusanya mabondeni na mashimoni, hasa usiku penye utulivu, na mtu au mnyama akiingia humo hukosa pumzi na kufa. Watu wa Goma huiita mazuku, na walikuwa wakiwakataza watoto wao kupita mahali penye mazuku kabla ya mtaalamu yeyote kuja na chombo cha kupimia. Leo wataalamu wa dunia nzima hulitumia neno hilo hilo katika vitabu vyao.

FAIDA ZA MOTO WA ARDHI

Itakuwa si haki kutaja madhara tu. Udongo mwekundu wa miteremko ya Mlima Kenya na ya Kilimanjaro, unaostawisha kahawa, chai na migomba, umetokana na mawe ya volkano yaliyooza. Magadi ambayo wapishi hutia katika maharagwe na kunde yanatokana na chemchemi za moto na maji yaliyopita katika mawe hayo hayo. Mvua inyeshayo juu ya vilima vya Chyulu huzama katika majivu na lava, husafishwa njiani, na kutokea Mzima, na sehemu ya maji hayo hupelekwa kwa mabomba hadi Mombasa. Huko Olkaria, karibu na Naivasha, visima vya kwanza vya mvuke vilichimbwa katika miaka ya 1950, na mwaka 1981 mvuke ulianza kuendesha mitambo ya umeme. Katika miaka ya 2020 zaidi ya thuluthi moja ya umeme wa Kenya umetokana na joto la ardhini. Mama anayewasha taa mjini Kisumu pengine hajui kwamba mwanga ule umetoka katika moto ule ule uliofanya Longonot.

NYUMBA NDIYO IUAYO

Basi limebaki jambo kuu. Nguvu ya binadamu haiwezi kulizuia tetemeko. Lakini tetemeko lenyewe ni nadra kuua mtu. Mtu aliye katikati ya kiwanja huangushwa, huogopa, kisha huinuka akaenda zake. Wanaokufa wengi ni wale walioangukiwa na kuta na mapaa.

Linganisha matetemeko mawili. Lile la Subukia la mwaka 1928 lilikuwa na nguvu nyingi, lakini hasara yake haikulingana na ukubwa wake, kwa kuwa watu wa upande ule walikuwa wachache na nyumba nyingi zilikuwa nyepesi. Tarehe 10 Septemba, 2016, Bukoba ilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa 5.9, yaani la nguvu ndogo kwa mara 30 hivi. Hata hivyo watu wasiopungua 17 walikufa, mamia waliumia, na maelfu ya nyumba yalibomoka au kupasuka. Shule kubwa za Ihungo na Nyakato ziliharibika hata zikafungwa. Kadhalika tarehe 20 Machi, 1966, katika nchi ya Toro, Uganda, tetemeko lilikuja kabla ya mapambazuko, watu wakiwa wamelala ndani, na zaidi ya watu 100 walipoteza maisha.

Nyumba ya fito na udongo iliyofungwa vizuri hupinda na kurudi. Nyumba ya matofali mabichi yaliyoungwa kwa tope ni nzito na haipindi. Ikitikiswa ukuta huachana na ukuta mwenzake penye pembe, na paa hushuka. Hii si kusema kwamba watu warudie nyumba za zamani. Matofali yaliyochomwa na saruji hufaa sana, ila yafungwe pamoja. Anayejenga katika nchi ya matetemeko na aangalie mambo haya. Msingi ukae juu ya ardhi ngumu, wala si penye udongo uliojazwa au ukingoni mwa mteremko mkali. Mshipi wa zege wenye nondo uzunguke nyumba yote juu ya milango na madirisha, kama mkanda unaofunga mzigo. Pembe za nyumba zishikane, wala mlango au dirisha lisiwekwe karibu mno na pembe. Paa liwe jepesi, na mbao zake zifungwe imara katika kuta. Mshipi huo huongeza gharama. Lakini gharama hiyo ni ndogo kuliko ya jeneza.

SIKU YA TETEMEKO

Tetemeko kwa kawaida halizidi dakika moja, kwa hiyo yafaa mtu awe amejua mapema atakalofanya. Aliye ndani ya jengo imara na ajikunje chini ya meza yenye nguvu, afunike kichwa na shingo, akae mbali na madirisha na makabati. Asikimbilie ngazi wala kuruka kutoka ghorofani. Aliye karibu na mlango katika nyumba ya matofali mabichi na atoke upesi hadi mahali peupe. Aliye nje abaki nje, mbali na kuta, miti na nyaya za umeme. Mtikisiko ukiisha, moto wa jiko uzimwe, na watu wasirudi ndani ya nyumba iliyopasuka kuokoa vyombo, kwa maana tetemeko dogo linalofuata laweza kuangusha kile kilichoachwa kimelegea.

Watu wa pwani wana la kwao. Tarehe 26 Desemba, 2004, tetemeko la ukubwa wa 9.1 lilitokea chini ya bahari karibu na Sumatra, likainua mawimbi yaliyoua zaidi ya watu 220,000 katika nchi za Bahari ya Hindi. Mawimbi yalichukua saa nyingi kufika Afrika. Somalia, ambako onyo halikuwafikia watu, karibu watu 300 walikufa. Kenya habari zilitangulia mawimbi, watu wakaondolewa ufukweni, na aliyekufa alikuwa mtu mmoja. Basi anayekaa pwani akiona bahari imekupwa ghafula wakati usio wake, hata samaki wamebaki mchangani, asishuke kuokota samaki. Na akimbilie mahali pa juu, awaite na wenzake.

JUU YA UVUMI

Kila baada ya tetemeko hutokea watu wanaotangaza kwamba jingine kubwa zaidi litakuja usiku huo saa fulani. Haifai kuwasadiki. Volkano mara nyingine hutoa dalili, kama matetemeko madogo mengi, kuvimba kwa mlima au kubadilika kwa gesi, na wataalamu wakiziona huweza kuwaonya watu. Lakini hata leo hapana mtaalamu wala mganga aliyeweza kutaja siku na saa ya tetemeko la nchi. Wanachoweza kusema wataalamu ni hiki: ni mahali gani penye hatari, na ni nguvu kiasi gani yaweza kutokea huko. Hilo latosha kumwongoza mwenye kujenga, maana fundi hana haja ya kujua saa. Ana haja ya kujua kwamba siku itafika.

Bonde la Ufa lilikuwapo kabla ya binadamu, nalo litaendelea kufunguka, ukucha kwa ukucha. Siku itakapotikisika tena, kitakachoamua kama kijiji kitalia au kitasimulia ni mambo yaliyofanywa kabla ya siku hiyo: mshipi wa zege uliowekwa juu ya mlango, paa lililofungwa vizuri, mtoto aliyefundishwa shuleni mahali pa kujificha. Ajabu ya mwenye kinga ni kwamba siku ya msiba watu hudhani alibahatika.